Kufundisha watoto wa msingi kompyuta na usalama wa mtandaoni: mwongozo kamili kwa mwenye mashine chache na watoto wengi

Nimeandika huu mwongozo kwa sababu nimechoka kuona kitu kilekile. Mwalimu au kijana wa kujitolea anapata kompyuta sita za mtumba, anakusanya watoto Jumamosi, wiki ya kwanza chumba kimejaa mpaka wengine wanachungulia dirishani, wiki ya nne wamebaki saba na wanacheza gemu. Ukimuuliza ulifundisha nini anakwambia "sehemu za kompyuta". Yani watoto wamekaa saa nzima wananakili ubaoni kwamba kompyuta ni mashine inayopokea, kuchakata na kuhifadhi taarifa, na mashine zenyewe ziko palepale zimefunikwa kitambaa.

Usalama wa mtandaoni ndo kabisa. Unawekwa siku ya mwisho, unasomwa kama amri, usifanye hiki, usifanye kile, afu mtoto anarudi nyumbani anachukua simu ya mama yake na maisha yanaendelea. Mi nafundisha klabu ya Jumamosi huku Mbagala, Dar es Salaam, watoto wa darasa la tatu mpaka la sita, na kosa hilohilo nililifanya mwaka mzima. Sasa hivi usalama naupachika ndani ya kila hatua, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha mtoto akiharibu mambo anakuja kusema. Mtoto anayeogopa fimbo anaficha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta nne hadi sita zinazowaka. Laptopu ya zamani ni bora kuliko deskitopu kwa sababu umeme ukikatika betri hata ya dakika kumi inakuokoa.
- Ekstensheni mbili nzito, zenye plagi ya fyuzi.
- Chaki, manila kipande, na vizibo vya soda vitano kwa kila kikundi. Muuza duka atakupa bure.
- Kitu cha kugonga. Sisi tunatumia ringi ya gurudumu na spana, kengele ya shule ileile.
- Simu janja moja ya zamani isiyo na laini, ya kuonyeshea mifano.
- Flashi moja. Ya kwako. Watoto wasije na zao, nitaeleza.
- Bando la siku moja tu ya maandalizi. Masomo mengi hapa chini hayahitaji intaneti, na hilo lisikusikitishe, ndo linakurahisishia.

## Hatua ya 1: Kagua umeme kabla ya kitu chochote

Plagi ya amp 13 kwa umeme wetu wa volti 230 inabeba kama wati 3,000 kwa mahesabu, na kompyuta sita hazifiki hata nusu. Kwa hiyo watu wanajiamini. Shida ni kwamba ile ekstensheni nyembamba ya kununua juu juu barabarani haifiki hizo wati, na shule moja niliyowahi kusaidia walichomeka ekstensheni kwenye ekstensheni kwenye ekstensheni, mbele wakachomeka birika la chai la walimu. Harufu ya plastiki tuliisikia watoto wakiwa ndani. Hakuna aliyeumia ila somo liliishia hapo, na mkuu wa shule hakutaka kusikia tena habari za kompyuta mpaka muhula uliofuata.

Ekstensheni isiingie kwenye ekstensheni. Waya upite ukutani, sio katikati ya miguu ya watoto. Washa mashine zote nusu saa ukiwa peke yako, afu shika plagi kwa nyuma ya mkono.

Umefanikiwa ukiona: plagi ni ya kawaida au vuguvugu kidogo. Ikiwa ya moto, badilisha kabla ya Jumamosi.

## Hatua ya 2: Tengeneza mashine ziwe za watoto

Hii ifanye siku moja kabla. Usiifanye watoto wamekaa wanakuangalia, utapoteza dakika arobaini na heshima yote.

Kwanza, kwenye Windows tengeneza akaunti mbili. Moja yako yenye mamlaka yote na paswedi, nyingine ya kawaida kwa ajili ya watoto. Akaunti ya kawaida haiwezi kuweka programu nyingi mpya bila paswedi yako, na hilo peke yake linazuia nusu ya matatizo.

Pili, flashi. Virusi vya flashi bado vipo tele, hasa kwenye mashine za steshenari na intaneti kafe, vile vinavyoficha mafaili na kukuachia vinjia vya mkato. Ndo maana flashi ni moja, ya kwako, haichomekwi kwingine. Kama mashine ni ya Windows 10 jua kwamba Microsoft waliacha kuihudumia kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo mi nazitumia bila mtandao kabisa, au naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows.

Tatu, kama kuna mashine itaingia mtandaoni, nenda kwenye mipangilio ya mtandao uweke DNS (huduma inayoitafutia mashine anwani za tovuti) ya 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3. Hii ni huduma ya bure ya Cloudflare, inakataa kufungua tovuti za ngono na zile zinazojulikana kubeba virusi. Haizuii kila kitu. Ni kama neti, mbu wengi wanabaki nje ila bado unakagua.

Nne, weka Scratch, programu ya watoto kujifunza kuandika programu kwa kupanga vibloku, ile ya kutumia bila intaneti. Hiyo ya mtandaoni ina sehemu ya watu kuachiana maoni, na sitaki watoto wa miaka minane waanze safari yao kwa kusoma maoni ya wasiowajua.

Umefanikiwa ukiona: umeingia kwa akaunti ya watoto, umejaribu kuweka programu ya mashine nzima, ikakuomba paswedi.

## Hatua ya 3: Somo la kwanza, kompyuta zimezimwa

Najua watoto watanuna. Wanune tu dakika mbili.

Chora viboksi sakafuni kwa chaki, vitano kwa vitano. Weka kiti kimoja katikati kama kikwazo na kona ya mwisho weka ndizi. Mtoto mmoja anakuwa roboti. Roboti haijui Kiswahili chote, inajua maneno matatu tu: mbele, kulia, kushoto.

Mtoto wa kwanza atasema, "Nenda kwenye ndizi!" Roboti imesimama. Darasa linapiga kelele, "We, nenda!" Roboti imesimama. Mwambie, haijui ndizi ni nini. Basi ataanza, "Mbele. Mbele. Mbele." Na roboti itagonga kiti kwa sababu hakuna aliyesema kulia. Darasa litacheka mpaka basi, afu utaona kuna katoto kamoja nyuma kananyanyua kidole hakacheki, kanasema, "Mwalimu, amekosea ile ya tatu." Huyo ameshaelewa programu ni nini. Hujawasha hata mashine moja.

Warudie, safari hii waandike maagizo yote kwenye karatasi kabla roboti haijatembea. Kosa likitokea usimtafute mkosaji, tafuta mstari wenye kosa. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ndo mara ya kwanza watoto wako wanaona mtu mzima anakutana na kosa na hapigi mtu.

Ukibaki na muda toa vizibo. Vitano kwa mstari, cha kulia kabisa thamani yake 1, kinachofuata 2, afu 4, 8, 16. Kizibo kikiangalia juu kinahesabiwa, kikilala hakihesabiwi. Kompyuta inahesabu hivohivo, kwa washa na zima. Ukijumlisha vyote unapata 31, kwa hiyo kila mtoto anaweza kuandika tarehe yake ya kuzaliwa kwa vizibo vitano. Tarehe tu, waambie, mwezi na mwaka wabaki navyo. Watauliza kwa nini. Jibu, tutafika huko.

Umefanikiwa ukiona: kikundi kinaandika maagizo, roboti inafika kwenye ndizi bila mtu kuongeza neno.

## Hatua ya 4: Dereva, konda na abiria

Hapa ndo wengi wanapofeli, na sio kwa kukosa ujuzi ila kwa kukosa utaratibu. Mashine moja watoto sita, mmoja mwenye nguvu anakamata mausi mpaka saa iishe.

Gawa kazi kama daladala. Dereva anashika mausi na kibodi, haruhusiwi kuamua njia. Konda ana karatasi ya maagizo, anamwambia dereva cha kufanya kwa mdomo, haruhusiwi kugusa. Abiria wanaangalia, na yeyote akiona kosa anasema "shusha!" na gari linasimama, anaeleza kosa liko wapi. Kila dakika tano gonga ringi, konda anakuwa dereva, abiria wa mbele anakuwa konda, dereva anaenda kukaa siti ya nyuma.

Andika kwenye daftari nani alikuwa dereva. Ukiacha hivihivi utakuta wavulana wanaendesha na wasichana ni abiria kuanzia kituo cha kwanza mpaka Mbagala Rangi Tatu. Kwetu ilitokea, na nilikuwa sijaona mpaka mtoto mmoja aliponiambia, "Mwalimu mi toka mwezi uanze naangalia tu."

Kazi ya kwanza ya dereva ni kuchora nyumba kwenye Paint. Watoto waliozoea simu watagusa skrini kwa kidole, wenzao wasiwacheke, na wewe usishangae. Mausi iende mezani, mshale unaenda kwenye skrini, watazoea kwa Jumamosi mbili.

Umefanikiwa ukiona: umegonga ringi na watoto wanabadilishana wenyewe bila wewe kuongea.

## Hatua ya 5: Kusevu

Fupi tu. Kila kikundi kina folda yake, jina la folda ni jina la kikundi, sio majina ya watoto. Simba, Twiga, Chui, inatosha. Wasevu kila ringi inapogongwa. Umeme ukikatika siku moja na kikundi kikapoteza nyumba yake yenye bati jekundu hutahitaji kulielezea tena.

## Hatua ya 6: Scratch, kwa Kiswahili

Scratch imetengenezwa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, ni bure, na watu wengi hawajui kwamba ina Kiswahili. Bofya alama ya dunia juu, chagua Kiswahili, vibloku vyote vinageuka. Mtoto wa darasa la tatu anasoma mwenyewe.

Usianze na gemu. Anza na paka atembee hatua 10. Afu hatua 100. Afu ongeza kalamu kwenye viongezi, waambie paka achore mraba: hatua 100, geuka nyuzi 90, mara nne. Waache kwanza waandike mara nne kwa mkono mpaka wachoke, ndo uwaonyeshe kibloku cha kurudia. Ukiwapa cha kurudia mapema hawaoni faida yake.

Afu waulize pembetatu inageuka nyuzi ngapi. Wote watasema 60. Paka atachora kitu cha ajabu. Waache wahangaike, jibu ni 120, kwa sababu paka anageuka pembe ya nje na sio ya ndani. Nimeshuhudia mwalimu wa hesabu mtu mzima akikaa chini kuthibitisha kwa chaki.

Umefanikiwa ukiona: mtoto amebadilisha namba mwenyewe "aone itakuwaje".

## Hatua ya 7: Namba za siri, kwa hesabu

Usiwaambie tu "paswedi iwe ngumu". Wapigishe hesabu. Namba ya siri ya tarakimu nne, kila nafasi ina chaguo kumi, kwa hiyo 10 mara 10 mara 10 mara 10, zinapatikana 10,000. Tarakimu sita ni milioni moja. Afu uliza, mwizi ataanza na ipi? Watataja wenyewe 1234, 0000, na mwaka wa kuzaliwa. Sasa warudishe kwenye vizibo, kwa nini nilisema mwezi na mwaka mbaki navyo? Utasikia ile "aaaah" ya darasa zima.

Kwa paswedi za maneno wafundishe kuunga maneno manne yasiyohusiana, kama embe, ndala, ngazi, mbuzi. Ndefu inashinda yenye alama za ajabu ambayo mtoto anaiandika nyuma ya daftari, hiyo ni sawa na kuficha ufunguo chini ya kapeti la mlangoni, mtaa mzima unajua ulipo.

Tahadhari: paswedi mnayotengeneza darasani ni ya mazoezi. Usimuulize mtoto yeyote namba ya siri ya simu ya nyumbani, na akitaka kukutajia mzuie palepale mbele ya wenzake. Hilo ni somo tosha.

## Hatua ya 8: Kweli au tapeli

Hapa tumia muda. Mimi natumia Jumamosi mbili nzima.

Andika meseji kumi kwenye vipande vya manila, nyingine za kweli nyingine za uongo. Weka ile maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Weka ya zawadi ya bando la bure ukibofya kiungo. Weka ya "nimekosea kutuma hela naomba nirudishie". Weka na za kweli, kama shangazi anauliza mmefika salama. Watoto wanasimama upande wa kulia wakiona kweli, kushoto wakiona tapeli, na kila mmoja lazima aseme nini kimemfanya asimame hapo.

Wafundishe kuangalia vitu vitatu: inanikimbiza? inaniomba hela au namba? inanikataza kumwambia mtu? Cha tatu ndo kikali kuliko vyote, na kinafanya kazi hata kwa mtu mzima anayemchezea mtoto bila simu yoyote.

Sasa nisimulie kwa nini. Mpwa wangu ana miaka tisa, alikuwa anaangalia katuni kwenye simu ya dada yangu. Ikaingia simu, mtu anaongea taratibu kabisa, "mwanangu mama ameshinda zawadi, hebu nisomee zile namba sita zilizoingia sasa hivi kwenye meseji." Akasoma. Zile zilikuwa namba za kuhamisha WhatsApp, na kabla ya magharibi shoga zake dada wote walikuwa wanaombwa laki moja moja "nina shida ya haraka", wawili walituma. Mtoto alijua toka saa ileile kwamba kuna kitu hakiko sawa. Alisema baada ya siku tatu, kwa sababu wiki moja nyuma alichapwa kwa kumaliza bando.

Kwa hiyo wafundishe sentensi moja waiseme kwa sauti mpaka itoke yenyewe: "Ngoja nimpe mama." Haijalishi nani anapiga, haijalishi anasema nini. Mtoto hatakiwi kugundua tapeli ni nani, anatakiwa kukabidhi simu.

Na meseji ya utapeli ikiingia kweli, mtu mzima anaifowadi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, anajibu kwa namba iliyoituma akiombwa.

Umefanikiwa ukiona: umewapigia ile simu yako ya mazoezi kwa mdomo, umejifanya shangazi, umelia, umekasirika, na mtoto bado anasema "ngoja nimpe mama".

## Hatua ya 9: Picha, wageni, na mtoto akija kusema

Waambie wazi kwamba WhatsApp, TikTok, Facebook na Instagram zote zinataka mtu awe na miaka 13 kwenda juu. Usiwaulize nani yumo, wataficha. Sema tu, wengi mnashika simu za nyumbani, kwa hiyo tujifunze.

Kanuni ya picha: sare ya shule, kibao cha shule, na mlango wa nyumbani havitokei kwenye picha inayoenda kwa usiyemjua. Picha ya mwili bila nguo haipigwi, haiombwi, haitumwi, na mtu akiiomba, hata kama ni ndugu, tunamwambia mtu mzima siku hiyohiyo. Sema kwa sauti ya kawaida, kama unavyofundisha kuvuka barabara.

Sasa wewe. Siku moja mtoto atakuja. Dakika ya kwanza ndo inaamua kila kitu. Sema "umefanya vizuri kuniambia", afu nyamaza usikilize. Usimnyang'anye simu, usimuulize "kwa nini ulifanya", usimchape, na usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utalazimika. Wenzake watajua ndani ya siku moja ulimfanya nini, na wataamua kama na wao waje.

Kama ni jambo zito piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Usiitume ile picha ya mtoto kwenye grupu la walimu "ili mjue". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na huyo mtoto umemuumiza mara ya pili. Simu ipelekwe ilivyo, usifute kitu.

## Hatua ya 10: Kikao cha wazazi

Fanya mapema, wiki ya tatu hivi. Usiwahutubie. Waambie watoe simu na mfanye pamoja mambo manne.

Moja, WhatsApp, mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, waweke namba zao sita. Angekuwa nayo dada yangu, zile namba alizosomewa tapeli zisingemtosha. Mbili, kubofya *106# waone laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, kuna mzazi atashtuka. Tatu, Family Link ya Google kwa simu ambayo mtoto anaishika mara kwa mara, ni bure, inapanga muda na inazuia kupakua aplikesheni bila ruhusa. Nne, mkubaliane kwamba shule haitawahi kupiga simu kusema "mwanao ameanguka tuma hela ya hospitali sasa hivi", na wawe na namba moja ya mwalimu ya kuthibitishia.

Halafu omba ahadi moja: mtoto akisema mwenyewe, hachapwi. Baba mmoja aliniuliza, "Hata akimaliza bando?" Nikamwambia hata akimaliza bando, baba, bando ni buku.

Jiandae kwa kitu kimoja. Family Link inataka Gmail ya mzazi, na kikao chetu cha mwisho saa nzima iliisha kutafuta nani anakumbuka paswedi ya Gmail yake. Hakuna aliyekumbuka, walifunguliwa na fundi simu siku ya kununua. Kwa hiyo kwenye barua ya mwaliko andika kwa herufi kubwa: KUJA NA PASWEDI YA GMAIL, na wasioijua waje nusu saa kabla.